Ekzosi ya Pikapu ya Dizeli: Pesa Kidogo Zianzie Mbele

Hilux iliyojazwa vitunguu Ruaha Mbuyuni inapoanza kupanda Mlima Kitonga kuelekea Iringa, dereva hujua mapema kama injini inapumua au inakabwa. Gari linalokabwa hukata nguvu kona za mwanzo tu. Dereva anarudi gia ya pili, moshi mweusi unatanda nyuma, na mshale wa joto unaanza kupanda. Mwenye gari akifika mjini, wapo watakaomwambia kuwa dawa ni ekzosi kubwa: akate sailensa, aweke bomba pana linalometameta, gari lingurume. Analipa, gari linanguruma kweli, na safari inayofuata Kitonga ni ileile.

Kuboresha ekzosi ya pikapu ya dizeli kwa bajeti ndogo kunawezekana, na kazi nzuri hufanyika katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam na kando ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Kinachopoteza pesa ni mpangilio. Wengi huanzia mkiani, mahali panapoonekana, ilhali faida karibu yote iko mbele, kwenye mita ya kwanza baada ya injini. Mwongozo huu unafuata njia ya moshi wenyewe, kutoka injini kwenda nyuma, na kila hatua inaulizwa swali moja: shilingi hii itamsaidia nini dereva akiwa na mzigo mlimani?

Hakikisha kwanza tatizo ni ekzosi

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa iliyopo ya kuiunguza. Ekzosi iliyoziba inaweza kuuleta, lakini filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara ya changarawe huuleta mara nyingi zaidi, na vivyo hivyo mpira wa tabo uliopasuka au nozeli zilizochoka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanayoingia mahali pasipotakiwa. Magonjwa hayo hayaponywi na bomba lolote, kwa hiyo pesa za kwanza ziende kwenye filta na sevisi.

Baada ya hapo, ekzosi iliyopo ikaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Washa gari, mtu mmoja azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara nene kwa sekunde chache, mwingine ainame kusikiliza. Panapovuja patalia. Hata gari likiwa limezimwa, mvujo huacha alama yake: mstari wa masizi makavu unaoanzia kwenye ukingo wa gasketi na kutawanyika juu ya chuma, mweusi katikati na wa kijivu pembeni. Alama hiyo ikionekana kati ya manifoldi na tabo, huenda mwenye gari ameshapata alichokuwa anatafuta. Gesi inayotorokea hapo ndiyo iliyopaswa kuizungusha tabo. Gasketi mpya na bolti zilizokazwa sawasawa zinaweza kurudisha nguvu ambayo bomba jipya lisingeirudisha.

Kisha pitisha mkono chini ya chesisi, kutoka mbele hadi nyuma. Pikapu za shambani na za machimboni hugongwa na mawe, na mara kwa mara bomba hukutwa limebonyea mahali pamoja hadi njia imebaki nusu. Kukata sentimita 30 zilizobonyea na kuchomelea kipande kizima ndilo boresho la bei nafuu kuliko yote yaliyomo katika mwongozo huu. Malizia kwa kugonga sailensa na nyundo ya mpira. Ikisikika chuma kinacheza ndani, sahani zake zimeachia, na huenda moja imeziba njia.

Yenye tabo na isiyo na tabo

Pikapu zinazotawala barabara za Afrika Mashariki zina injini za aina mbili, na ushauri wa moja ukipelekwa kwa nyingine huleta hasara.

Kundi la kwanza ni zenye tabo: Hilux Vigo za 2KD na 1KD, Isuzu D-Max za 4JJ1 na nyingine za aina hiyo. Injini ya 1KD-FTV ina ujazo wa sisi 2,982. Ikizunguka mara 3,400 kwa dakika, pistoni zake peke yake huvuta takriban lita 5,000 za hewa kila dakika. Tabo inashindilia hewa zaidi ya hiyo, kisha mwako unaipasha joto na kuitanua, kiasi kwamba mzigo ukiwa kamili, kinachopita kwenye ekzosi hukaribia lita 20,000 kwa dakika. Yote hayo lazima yatoke kupitia bomba moja linalojipinda kukwepa chesisi, gia boksi na tangi la mafuta.

Tabo, ambayo mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alisajili wazo lake mwaka 1905, huendeshwa na tofauti ya msukumo kati ya upande wa injini na upande wa ekzosi. Msukumo wa nyuma yake ukipungua, huanza kuzunguka kwa kasi mapema, hewa inaingia kwa wingi katika mizunguko ya chini, na joto la gesi linashuka. Ndiyo sababu ule usemi wa vijiweni kwamba injini inahitaji kubanwa kidogo ili iwe na nguvu hauihusu dizeli yenye tabo. Baada ya tabo, njia ikiwa wazi zaidi ni heri zaidi.

Kundi la pili ni zisizo na tabo, na mfalme wake ni Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ: silinda sita, sisi 4,164, inayojulikana kwa uvumilivu machimboni, mbugani na katika kazi za misaada. Hapa faida ya ekzosi pana ni ndogo. Bomba zima lisilobonyea, lenye kona laini na sailensa isiyoziba, litatoa karibu kila kinachowezekana. Anayetaka 1HZ ipande mlima kama gari lenye tabo hatalipata hilo kwenye bomba la moshi, na mwenye bajeti ndogo ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Mita ya kwanza ndiyo yenye thamani

Kwa pikapu yenye tabo, bomba la kwanza linaloshuka kutoka kwenye tabo ndilo lenye faida kubwa kuliko mengine. Gesi hutoka hapo ikiwa moto zaidi, imetanuka zaidi, na inazunguka kwa fujo kutokana na gurudumu la tabo. Bomba la kiwandani mahali hapo mara nyingi ni jembamba na lina kona kali, kwa sababu lilibuniwa kupita katika nafasi finyu na kuunganishwa haraka.

Ikiwa pesa zinatosha sehemu moja tu, ziende hapo. Zikiongezeka, ziende kwenye kipande cha katikati. Zikiongezeka tena, ziende kwenye sailensa. Ncha ya nyuma, ile inayong'arishwa, haiongezi kitu. Mpangilio huu una faida nyingine: kazi inaweza kufanywa kwa awamu. Mwezi huu bomba la mbele likifungwa kwa flanji, baada ya mavuno kipande cha pili kitaungwa palepale bila kukata kilichokwishafanywa. Sharti ni moja tu, upana wa mwisho uamuliwe siku ya kwanza.

Upana: hesabu kabla ya tamaa

Eneo la bomba hukua haraka kuliko kipenyo chake. Kutoka inchi 2 kwenda inchi 2.5, njia inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kutoka inchi 2 kwenda 3, inakuwa zaidi ya mara mbili. Kwa Hilux au D-Max yenye injini ya kawaida ambayo pampu na kompyuta yake havijaguswa, inchi 2.5 inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, na inchi 3 ni nafasi ya ziada kwa wanaovuta trela au kupanda milima na mzigo kila siku. Zaidi ya hapo, mwenye gari ananunua uzito, kelele na shida ya kulipitisha bomba juu ya ekseli. Kwa 1HZ isiyo na tabo, inchi 2.5 yatosha kabisa.

Kipenyo peke yake hakitoshi bila kona nzuri. Bomba likikunjwa kwa mashine ya kubana tu, linabonyea kwenye kona, na inchi 3 iliyolipiwa inabaki kuwa chini ya inchi 2.5 mahali ambapo moshi unahitaji nafasi. Mwombe fundi akuonyeshe kona aliyowahi kukunja. Angalia sehemu yake ya ndani: kukiwa na mikunjo ya matabaka, njia imekwisha kubanwa. Dawa ya bei nafuu ni kununua kona zilizokunjwa kiwandani, za nyuzi 45 na 90, ambazo hubaki duara kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha fundi azikate na kuziunga na vipande vilivyonyooka. Mafundi wengine hujaza bomba mchanga, wakaziba ncha, wakalipasha moto na kulikunja. Njia hiyo hutoa kona safi, ila mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Mchanga wenye unyevu ndani ya bomba lililozibwa hugeuka mvuke, na bomba linaweza kupasuka usoni mwa anayelikunja.

Chuma cha kununua na chuma cha kukataa

Kila lita ya dizeli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji, yakiwa katika hali ya mvuke. Gari la safari ndefu huyatoa yote nje. Gari linalokwenda sokoni na kurudi halipati muda wa kupasha bomba la nyuma, kwa hiyo mvuke unageuka maji na kulala ndani ya sailensa, ukichanganyika na salfa iliyomo kwenye moshi na kuwa tindikali. Tangu Januari 2015, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipohamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, tindikali hiyo imepungua, lakini maji yapo palepale. Kwa magari ya Mombasa, Tanga na Zanzibar, chumvi ya bahari hula kutoka nje huku maji yakila kutoka ndani.

Kwa hiyo bomba la mbele, ambalo hukaa moto na kavu, linaweza kuwa la chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 1.5 hadi 2 na likadumu. Ikiwa kuna pesa za metali bora, ziende kwenye sailensa na kipande cha nyuma, ambako kutu huanzia. Bomba lililopakwa alumini ni chaguo zuri la katikati. Stenlesi daraja la 409 ina kromiamu takriban asilimia 11. Hupata kutu ya juujuu lakini haitoboki upesi. Daraja la 304 lina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, na bei yake inaonyesha hivyo. Sumaku ndogo mfukoni inasaidia dukani: hunasa kwenye 409 na kwenye chuma cha kawaida, lakini kwenye bomba lililonyooka la 304 hainasi, au inanasa kwa udhaifu sana. Stenlesi ikiungwa na chuma cha kawaida, vijiti vya kuchomelea viwe vya daraja la 309.

Bomba la maji lililopakwa zinki likataliwe hata kama ni la bure. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na hugeuka mvuke karibu na nyuzi 907, na moto wa kuchomelea unapita hapo kwa mbali. Moshi mweupe unaotoka humpa fundi homa, baridi kali na kifua kubana usiku uleule. Mabomba membamba ya samani na mageti nayo yaachwe. Hutoboka kabla gari halijamaliza mwaka.

Sailensa

Sailensa nyingi za kiwandani hugeuza moshi huku na huko kupitia vyumba na sahani ili kuua sauti. Aina ya kupita moja kwa moja ina bomba lenye matundu madogo lililozungushiwa pamba ya madini. Moshi unapita bila kupinda na sauti inanyonywa pembeni. Kwa dizeli yenye tabo hiyo ndiyo ya kutafuta, na iliyotumika inapatikana kwa wauza spea chakavu ikiwa haina kutu ya ndani. Ichunguze kwa tochi kutoka mwisho mmoja: uone mwanga upande wa pili, matundu yawe wazi, na pamba isiwe inachomoza. Chagua ndefu kuliko fupi. Urefu huua ule mvumo mzito unaochosha masikio ya dereva kwenye safari ya Dodoma.

Kuitoa sailensa kabisa hakuongezi nguvu inayohisika mlimani, na nchini Kenya kanuni za kelele za mwaka 2009 zinakataza gari linalozidi desibeli 84 likiongeza mwendo. Tanzania nayo ina kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015.

Siku ya karakana

Patana bei kwa kazi nzima huku vifaa ukinunua mwenyewe: bomba kwa urefu, kona kwa idadi, flanji, gasketi, kipande cha kunyumbulika na raba za kushikilia. Hapo ndipo bajeti huokolewa, kwa sababu mwenye gari anajua kila kilichoingia chini ya gari lake.

Kabla cheche ya kwanza haijaruka, waya hasi wa betri utolewe. Mkondo wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya injini, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ekzosi nzima. Waya wa ethi ubanwe kwenye bomba lenyewe, karibu na pale panapochomelewa, usibanwe kamwe kwenye injini au kitovu cha gurudumu. Gari likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.

Fundi mzuri hupachika vipande vyote kwa nukta chache za moto gari likiwa juu, anaangalia mpangilio, kisha anavishusha na kuvichomelea kikamilifu mezani, ambako mkono unazunguka bomba lote. Anayechomelea kila kitu chini ya gari huacha upande wa juu bila kuungwa vizuri, na hapo ndipo mvujo huanzia. Flanji ziwe za sahani nene, milimita 8 hadi 10, zisije zikapinda kwa joto.

Chuma kikipata moto hurefuka. Bomba la mita 3 likipanda kwa nyuzi 300 huongezeka takriban milimita 11, na la stenlesi ya 304 milimita 16. Kwa hiyo kipande cha kunyumbulika kinahitajika karibu na tabo, na bomba lote lining'inie kwenye raba. Ekzosi iliyochomelewa moja kwa moja kwenye chesisi hupasuka, au huivuta tabo hadi bolti zake zikatike.

Acha nafasi ya kutosha, upana wa vidole vitatu au zaidi, kati ya bomba na mabomba ya breki, nyaya, tangi la mafuta, propela shafti na tairi la spea, na weka ngao ya bati mahali palipo finyu. Kumbuka gari likipakiwa, ekseli ya nyuma inapanda. Bomba linalopita juu yake lipimwe kwa hali hiyo. Omba pia nati ndogo yenye kizibo ichomelewe kwenye bomba la mbele, ili siku moja geji ya joto la gesi iweze kufungwa. Geji hiyo, ikiwa baada ya tabo, husoma chini kuliko kabla ya tabo, mara nyingi kwa nyuzi 100 au zaidi mzigo ukiwa mzito. Mafundi wengi wa dizeli huchukulia nyuzi 700 kabla ya tabo kuwa mpaka wa kazi ya muda mrefu.

Mdomo wa ekzosi uishie nyuma kabisa ya bodi au pembeni nyuma ya gurudumu, usiishie chini ya bodi. Pikapu zetu hubeba watu nyuma, wakiwemo wanafunzi na akina mama wanaotoka mnadani, na bomba lililokatwa fupi ili kuokoa nusu mita huwavutisha moshi njia nzima. Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Kisichokatwa

Kwa sababu hiyohiyo ya afya, masega yanayosafisha moshi na kichujio cha masizi, kwa magari yaliyo navyo, viachwe mahali pake. Ushauri mwingi wa kuving'oa hutoka kwenye video za Marekani, ambako mamlaka ya mazingira, EPA, ilikadiria mwaka 2020 kuwa pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vifaa vya kusafisha moshi katika muongo mmoja. Kosa hilo limewaletea wafanyabiashara wa huko faini kubwa. Kichujio kilichoziba mara nyingi kimezibwa na safari fupi zisizokipa joto la nyuzi 600 hivi linalohitajika kuunguza masizi, au na nozeli mbovu. Kisafishwe, na chanzo kitibiwe. Ekzosi mpya yaweza kujengwa kuanzia nyuma ya kifaa hicho, ikaleta sehemu ya faida bila kumwagia jirani masizi.

Baada ya kazi

Matokeo ya kutarajia ni haya: tabo kuamka mapema, gia ya tatu kushika pale ilipokuwa inaachia, na moshi mweusi kupungua mlimani. Dizeli itakayookolewa ni kidogo, na anayeahidiwa robo ya tangi atafute fundi mwingine. Kwenye tabo zenye vali ya kupunguza msukumo, njia ikifunguka msukumo wa hewa unaweza kupanda kuliko kawaida. Taa ya injini ikiwaka au gari likikata nguvu ghafla, lipimwe na fundi mwenye mashine ya kusoma makosa.

Baada ya kilomita 500 hivi, injini ikiwa baridi, bolti zote za flanji zikazwe upya kwa sababu gasketi mpya hulala. Rudia kipimo cha tambara, na angalia kama kuna mahali bomba limeng'aa kwa kusuguana na chesisi. Bomba la zamani lihifadhiwe hadi ukaguzi huo upite. Flanji zake na vishikizo vyake mara nyingi huhitajika tena, na sailensa nzima ina mnunuzi.